Kubadilisha ekseli na kuongeza nguvu ya breki kwenye Hilux mzee, kwa sisi wa Malindi

Naandika hii manake nishaulizwa mara nyingi sana, na kila nikijibu kwa simu najikuta naongea nusu saa na bando inaisha. Gari yenyewe ni Hilux pikapu 4x4 ya miaka ya 80, ile yenye ekseli nzima mbele na springi za mabapa pande zote, disel, ilikuwa ya ami yangu akibebea chumvi kule Gongoni miaka na mikaka. Anayejua Gongoni na Marereni anajua chumvi inavyofanya chuma. Siku moja niko chini ya gari natafuta mlio, nikachokoa na bisibisi hapo chini ya kikalio cha springi ya nyuma (kile kichuma cha ekseli springi inapokaa), bisibisi ikaingia kama inaingia kwenye mkate. Hapo ndipo nlijua sina ekseli, nina ganda la ekseli.

Na breki je? Sisi Malindi tunadanganywa na ardhi, huku ni tambarare tupu, mtu aweza kuendesha gari isiyo na breki mwaka mzima asijue, unapunguza gia, unaachia mafuta, gari inasimama yenyewe mbele ya duka. Mimi nilijua ukweli siku nimebeba nazi kwenda Mombasa, nateremka kuelekea daraja la Kilifi, pedali ikaanza kuwa laini kama naikanyaga kwenye tope. Nilisimama kwa gia na handbreki na dua. Niliporudi nikasema zote mbili zinafanywa pamoja, ekseli na breki, kwa sababu ukishafungua moja ile nyingine iko wazi mbele yako.

Sasa twende.

Kabla hujatoa pesa

Kosa kubwa la watu ni kununua ekseli kama mtu anavyonunua samaki, anaangalia jicho tu. Nunua ekseli nzima, kutoka habu (kitovu cha gurudumu) mpaka habu, na vyote vilivyoning'inia: kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski), dramu, paipu za breki, waya za handbreki, kile kichuma cha valvu ya breki ya nyuma, hata mabano yaliyokunjika. Muuza skrepa atakwambia "hivyo vidude havina maana, chukua hii tupu nikupunguzie bei." Usikubali. Hivyo vidude ndivyo vitakavyokupeleka Mombasa mara 3, na nauli ya mara 3 ni zaidi ya alichokupunguzia.

Chukua tepu, chaki na kijitabu. Pima upana kutoka uso wa habu mpaka uso wa habu, pima umbali kati ya vikalio vya springi katikati kwa katikati, pima kitako cha propela (pale ile shafti ndefu inayotoka giaboksi inapofungwa kwenye ekseli) na matundu yake. Matundu ya rimu kwa Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani ni 6 kwenye duara la milimita 139.7, kwa hivyo watu hudhani kila kitu kinaingiliana. Rimu kuingia haimaanishi ekseli inaingia. Kama utachukua ekseli ya modeli nyingine iliyo pana zaidi tairi zitatoka nje ya bodi, na utakuwa unajirushia tope mwenyewe kwenye kioo.

Halafu ratio, yaani propela inazunguka mara ngapi magurudumu yakizunguka mara moja. Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipoponea chupuchupu. Hilux zina difu (zile gia za katikati ya ekseli) za ratio tofauti tofauti, 4.1, 4.3, 4.556, 4.875, na kwa nje zote zafanana kama mapacha. Ya mbele na ya nyuma lazima ziwe sawa. Nilipouziwa niliambiwa "hizi zimetoka gari moja, wallahi". Tukazifikisha nyumbani, fundi wangu akasema hebu tuhesabu kwanza. Namna ya kuhesabu bila kufungua: ekseli ikiwa juu ya mbao, shika habu ya upande mmoja isizunguke kabisa, mwenzako azungushe ile nyingine mara 20 kamili, na wewe weka alama ya chaki kwenye kitako cha propela uhesabu kinazunguka mara ngapi. Kikienda mara 41, hiyo ni 4.1. Kikienda 45 na nusu, hiyo ni 4.556. (Mara 20 kwa habu moja ni sawa na mara 10 kwa zote mbili, difu ndivyo inavyogawa.) Ya mbele kumbuka kufunga lock za habu kwanza (zile zinazoshikanisha habu na shafti), la sivyo utazungusha habu tupu mpaka Magharibi na pinioni, ile gia ndogo ya difu upande wa propela, imetulia.

Ya nyuma ikatoka 41. Ya mbele 45 na nusu. Gari moja wapi!

Ningefunga vile, ningeweka 4x4 kwenye mchanga nisingejua kitu kwa sababu mchanga unasamehe, tairi zinateleza kidogo mambo yanakwenda. Lakini tofauti ni kama asilimia 11, na siku nikisahau kutoa 4x4 nikipanda lami, mbele na nyuma zinavutana na transfa (ile giaboksi ndogo ya 4x4) ndiyo inayokatika. Bahati kwenye Hilux hizi difu inatoka mbele kama chungu, unafungua nati za duara unaivuta na gia zake zote, kwa hivyo nilirudisha ile ya mbele nikapewa nyingine ya 4.1 baada ya kelele kidogo. Ukiwa na difu mkononi usihesabu mizunguko tena, hesabu meno: 41 kwa 10 ni 4.1, 43 kwa 10 ni 4.3, 41 kwa 9 ni 4.556, 39 kwa 8 ni 4.875.

Kumbuka pia ukibadilisha zote mbili kwenda ratio tofauti na ile ya asili ya gari, mita ya spidi itakudanganya, manake inasoma kutoka upande wa giaboksi, haijui difu imebadilishwa.

Hatua ya 1: Kuinua gari

Huku kwetu watu wanainua gari juu ya mawe ya matumbawe, yale ya kujengea nyumba. Msifanye hivyo jamani. Lile jiwe ni zuri kwa ukuta lakini lina matundu ndani, likibebeshwa uzito kwenye kona moja linapasuka bila kukupa habari. Mimi nimeliona likipasuka, gari ikakaa kwenye rimu, na aliyekuwa chini alikuwa ametoka dakika 2 kabla kwenda kunywa maji. Tumia stendi za chuma, na chini ya stendi weka ubao mpana mzito kwa sababu mchanga wetu unameza, stendi iliyosimama sawa saa 3 asubuhi saa 8 mchana imeinama. Stendi zinakaa chini ya chesesi, si chini ya ekseli, ekseli si ndiyo unaitoa. Halafu isukume gari kwa bega kabla hujaingia chini. Ikitikisika, rudia.

Nati zote zilowesheni mafuta ya kupenya siku 2 kabla. Kwa gari ya chumvi ongeza siku ya tatu.

Hatua ya 2: Kutoa ya zamani

Hii si kazi ya akili, ni kazi ya jasho. Weka alama kwenye propela na kitako chake ili zirudi vile vile. Fungua paipu ya breki inayotoka chesesi kwenda ekseli na uizibe mdomo, usiache masta (pampu ya breki) inadondosha mafuta usiku kucha. Toa shoki, toa kile kifimbo cha valvu ya uzito (nitaieleza hatua ya 7), toa waya za handbreki, weka jeki chini ya difu, fungua yubolti (zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli). Zikikataa zikate na grainda wala usihuzunike, yubolti hazirudishwi, ununue mpya kila mara. Yubolti ikishavutwa mara moja na kutulia miaka 30 imeshanyooka, ukiifunga tena inakatika au inalegea.

Dramu za zamani usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa. Laini za breki (zile bitana zinazosugua dramu) za miaka hiyo zaweza kuwa na asbesto. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa, tupa kitambaa.

Hatua ya 3: Kufufua ekseli mpya kabla haijaingia

Ekseli "mpya" yangu ilikuwa imelala nje kwenye yadi. Fanya kazi yote ikiwa chini juu ya mbao, usiseme utafanya ikishafungwa.

Nyuma ni rahisi: nati 4 za bamba la breki kila upande, haf shafti inatoka pamoja na beringi yake. Angalia oilsili. Ikivuja kidogo tu mafuta ya difu yanaingia kwenye dramu, na breki yenye mafuta si breki. Beringi imeingizwa kwa presi na pete yake, usiitoe kwa nyundo na patasi, peleka kwa mwenye presi. Halafu kile kipumulio juu ya ekseli, kidude kidogo kama kofia, kikizibwa na tope hewa ya moto haina pa kutokea na inasukuma mafuta kupitia sili. Watu wanabadilisha oilsili mara 4 kwa mwaka wakilaumu sili feki kumbe ni kipumulio. Mimi nilikitoa nikaweka hozi ndefu ikapanda mpaka nyuma ya kebini, maana ukivuka maji na ekseli ya moto ikapoa ghafla inavuta maji ndani.

Mbele ndiyo kazi. Toa kifuniko cha lock ya habu, toa kile kiringi kwenye ncha ya shafti, halafu kuna nati zenye vikoni chini yake. Vikoni hivyo vinashika kama gundi. Legeza nati kidogo bila kuzitoa, chukua kipande cha shaba nyeusi au shaba njano ugonge pembeni, vitaruka vyenyewe. Ukigonga kwa chuma kitupu unaharibu nyuzi za stadi. Nati kubwa ya habu ni ya soketi ya milimita 54, nunua soketi, achana na wale wanaofungua kwa patasi na nyundo, utaona nati za gari nyingi mjini zimetafunwa kama mahindi. Ndani kuna bolti 8 za spindoli (lile bomba fupi habu inapozungukia), ikitoka unavuta shafti ya mbele na ile jointi yake.

Jointi isafishe mpaka uone chuma, izungushe, angalia kikombe kama kimepasuka au kina mashimo kwenye njia za gololi. Badilisha sili ya ndani ya shafti, ndiyo inayozuia mafuta ya difu yasichanganyike na grisi. Ukifungua na ukikuta ndani ya nako (kile kifundo kinachogeuza gurudumu) kuna supu nyeusi, ni hiyo sili imekufa. Beringi za juu na chini za nako zibadilishe, na zile shimu nyembamba (visahani vya kujazia nafasi) usichanganye za juu na za chini, mimi nilizifunga kwa waya na karatasi iliyoandikwa "juu kulia" "chini kulia" hivyo hivyo.

Sasa, ugumu wa nako kugeuka. Nako isiwe legelege wala isiwe nzito. Kitabu kinasema uvute kwa mizani ya springi, na mizani ya springi hapa Malindi iko kila mahali, niliazima moja kwa jamaa wa samaki pale ufukweni, ilinuka ngisi siku nzima lakini ilipima sawa. Unafunga nako bila shafti na bila sili za nje, unashika mizani kwenye tundu la mkono wa staringi, unavuta pembe mraba. Hilux inataka kama kilo 3 mpaka 5 kuanza kusogea. Ikiwa chini ya hapo unapunguza shimu, ikizidi unaongeza. Ukiacha legelege, gari ikigonga shimo kwenye spidi staringi inaanza kutetemeka mkononi kama imepandwa na shetani na haiachi mpaka usimame, na utabadilisha shoki na tairi na kila kitu ukitafuta sababu.

Ndani ya nako jaza grisi ya molibdeni robo tatu, si kujaza pomoni. Beringi za habu grisi ya lithiamu namba 2. Difu mafuta ya 80W-90 ya GL-5, na fungua tundu la kujazia kabla ya lile la kumwagia, kwani ukimwaga halafu tundu la kujazia likakataa kufunguka umekwama na ekseli kavu.

Hatua ya 4: Kuchomelea vikalio

Waliokata ile gari kule skrepa walikata vikalio vya springi vya nyuma kwa gesi, kwa haraka zao. Kwa hivyo ilibidi nichomelee vipya. Kama vyako viko sawa ruka hapa.

Usichomelee vikalio kabla ekseli haijakaa chini ya gari. Weka kikalio kati ya springi na ekseli bila kuchomelea, kaza yubolti kidogo, teremsha gari ikae kwenye tairi zake na uzito wake, ndipo uzungushe ekseli upate pembe ya pinioni. Kwa propela ya kawaida yenye msalaba (jointi ya kukunjika) mmoja kila upande, pua ya difu na kitako cha transfa viende sambamba, kama mistari miwili ya daftari, si kuelekezana kama watu wanaosalimiana. Nilitumia simu tu, ile programu ya kupima pembe, nikaweka simu kwenye uso wa kitako cha transfa nikasoma, nikaweka kwenye kitako cha difu nikasoma, mpaka zikalingana. Piga nukta 4 kila upande, toa ekseli, kachomelee vizuri chini.

Na fundi wa kuchomelea asiunguze upande mmoja mpaka mwisho. Kipande cha inchi moja huku, kipande huko, subiri ipoe yenyewe, usimwagie maji. Bomba la ekseli likipata moto upande mmoja linapinda, na ekseli iliyopinda inakula tairi na beringi. Haf shafti na sili zote ziwe zimetoka. Waya wa ardhi wa mashine ubanwe kwenye bomba lenyewe karibu na unapochomelea, umeme usipitie kwenye beringi.

Hatua ya 5: Breki za mbele

Hilux hizi za zamani zina diski nyembamba ya chuma kitupu. Inapata moto haraka, inapoa polepole. Diski inayotakiwa ni ile yenye mapengo katikati, hewa inapita, na kalipa kubwa ya pistoni 4 ya kuishika. Kalipa zinazotumiwa sana na watu kwenye ekseli hizi ni zile za 4Runner na Surf za injini ya V6 za miaka ya 1989 hadi 1995, zinakaa kwenye nako ya ekseli nzima kwa bolti zake. Kile kisahani cha kukinga vumbi itabidi ukikate kidogo, na paipu ngumu ya kalipa uipinde taratibu.

Diski na kalipa ni mke na mume. Kalipa pana kwenye diski nyembamba pistoni zinatoka nje sana, pedi zikiisha kidogo pistoni inachungulia na mafuta yanamwagika. Kwa hivyo usinunue kalipa leo na diski mwezi ujao. Diski inafungwa nyuma ya habu, ipeleke pamoja na habu na kalipa, ifunge yote mezani, halafu ingiza rimu yako uizungushe kwa mkono. Rimu nyingine za inchi 15 zinagusa kalipa. Bora igusie mezani kuliko igusie barabara ya Marafa.

Diski ikiwa ya mitumba angalia ukingoni, imepigwa mhuri unene wa chini unaoruhusiwa kwa milimita. Pima kwa kaliba. Ikiwa imefika hapo ni nanga ya boti hiyo, usiipeleke kuchongwa.

Hatua ya 6: Nyuma acha dramu

Najua wengine wanataka diski mpaka nyuma. Mimi sikuweka na siweki. Sehemu kubwa ya kusimamisha gari inafanywa na mbele, na dramu ikiwa nzima na haina mafuta inatosha, halafu handbreki iko ndani yake, ukiweka diski inabidi utafute kalipa za handbreki ambazo kwa hewa yetu ya bahari zinakwama mwaka wa kwanza. Nilichofanya ni kubadilisha silinda za magurudumu, laini mpya, na kuchonga dramu kidogo. Rekebisha kwa kile kigurudumu cha meno mpaka dramu inasugua kidogo tu, halafu vuta handbreki mara kadhaa ijipange yenyewe.

Hatua ya 7: Masta, paipu na ile valvu ambayo kila mtu anaisahau

Ukishaweka kalipa kubwa, masta ya zamani ndogo haina mafuta ya kutosha kwa pigo moja, pedali itakwenda chini sana. Kutoka masta ya inchi 7/8 kwenda ya inchi 1 unapata mafuta kama asilimia 30 zaidi kwa mwendo ule ule wa mguu. Lakini pedali inakuwa ngumu kidogo, usishtuke. Usipitilize ukaweka ya lori, utakanyaga kama unakanyaga ukuta. Na kabla ya kufunga angalia kile kifimbo cha buusta (kile chungu kinachosaidia mguu kukanyaga): kikiwa kirefu mno breki zinashika zenyewe ukiendesha, kikiwa kifupi pedali ina mchezo mwingi juu. Masta itoe hewa ikiwa mezani kwanza, isukume polepole na hozi mbili zikirudi kwenye kopo lake mpaka povu liishe.

Paipu. Za kwangu zilikuwa zimeoza, ukizikwaruza zinatoka unga mwekundu. Usiweke paipu ya shaba ya friji. Narudia, ya friji hapana, inapinda vizuri na ni rahisi kupata na ndiyo maana watu wanaiweka, lakini mtetemo unaifanya kuwa ngumu na inapasuka bila kutoa dalili. Tafuta paipu ya breki yenyewe ya inchi 3/16, kama utapata ile ya mchanganyiko wa shaba na nikeli chukua, haili kutu hata kwa chumvi ya Gongoni. Midomo ya paipu ipanuliwe na kukunjwa mara 2, si mara 1. Nati za Kijapani nyingi ni M10 ya nyuzi 1.0 (upana milimita 10, nyuzi kila milimita 1), ukilazimisha ya inchi itaingia mizunguko 2 halafu inaharibu masta mpya.

Valvu ya uzito: ile iliyoko chesesi nyuma na kifimbo kinachoshuka mpaka kwenye ekseli. Kazi yake ni kujua kama umebeba. Gari ikiwa tupu ekseli iko mbali na bodi, valvu inapunguza breki za nyuma zisikwame zikakuzungusha. Ukibeba bodi inashuka, valvu inafungua. Sasa ukiinua gari kwa springi mpya, au ukichomelea bano la kifimbo mahali pasipo pake, valvu inadhani gari iko tupu milele, hata ukiwa na nazi 1,000 nyuma. Mimi niliposahau kurekebisha nilikuwa na breki za mbele tu wiki nzima, gari ikipiga magoti kama ngamia kila nikikanyaga. Rudisha kifimbo kwenye pembe ile ile iliyokuwa nayo kabla, ndiyo maana mwanzoni nilisema upige picha. Sikusema? Basi nasema sasa, piga picha ya kila kitu kabla hujafungua.

Hatua ya 8: Mafuta na kutoa hewa

Mafuta ya breki yana daraja zake: DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi 205, DOT 4 nyuzi 230. Ikishanyonya maji DOT 3 inashuka mpaka 140, DOT 4 mpaka 155. Na inanyonya maji kweli, kutoka hewani tu, na hewa yetu hii ya pwani wakati wa mvua za kusi shuka haikauki siku 2. Ndiyo iliyonipata kule Kilifi, mafuta yalikuwa na maji, yakachemka, mvuke ukajaa kwenye paipu, na mvuke unaminyika. Nikaweka DOT 4, chupa iliyofungwa, ile iliyobaki nusu rafuni nikatupa. DOT 5 ya silikoni usichanganye na hizi. Na kuna mafundi wanaojazia mafuta ya hydroliki au ya injini "kwa dharura", raba zote zinavimba na utabadilisha kila kitu kutoka masta mpaka gurudumu la mwisho.

Kutoa hewa anza na gurudumu la mbali na masta, kwetu usukani uko kulia kwa hivyo ni nyuma kushoto, nyuma kulia, halafu valvu ya uzito kama ina nipo yake (kile kinati cha kutolea hewa), mbele kushoto, mbele kulia. Mwenzako akikanyaga afanye polepole, asipige kama anapuliza mpira. Kopo la masta lisikauke hata mara moja. Mafuta yakimwagika kwenye rangi mwagia maji hapo hapo.

Ukimaliza, injini ikiwa imezimwa kanyaga mara 5 pedali iwe ngumu, shikilia, washa injini, inatakiwa ishuke kidogo, hapo buusta iko hai. Kisha kanyaga kwa nguvu dakika nzima. Ikizama taratibu kuna pahali panavuja, zungukia na tochi na karatasi kavu ya tishu kila kiungio, karatasi itakuonyesha kabla ya jicho.

Hatua ya 9: Kujaribu

Si Lamu Road siku ya Ijumaa, tafadhali. Tafuta barabara ya vumbi asubuhi. Kwanza mwendo wa kutembea, kanyaga, simama. Halafu pedi zilaze, yaani zizoeane na diski: kutoka spidi 60 mpaka 20 bila kusimama kabisa, kama mara 20, ukiacha gari itembee kidogo kati ya kila moja zipoe. Itanuka, ni kawaida. Usivute handbreki hapo zikiwa moto. Shika habu kwa mkono ukirudi, zikiwa na joto tofauti sana kulia na kushoto kuna kalipa inayokwama.

Ekseli na propela: sikiliza mlio unapoachia mafuta. Mlio ukiongeza mafuta tu au ukiachia tu, ni pembe ya pinioni au difu yenyewe. Gari ikitetemeka chini ya kiti kwenye spidi fulani, angalia kama misalaba miwili ya propela iko mstari mmoja, wengi wanaifunga imepishana jino.

Baada ya kilomita 100 rudi chini ya gari ukaze yubolti, halafu 500. Kwangu kwenye 100 zote 8 zilizunguka robo, kwenye 500 moja tu. Na kama gari yako inaandikwa ya biashara, inapita inspekshoni ya NTSA (mamlaka ya usalama barabarani) kila mwaka, waambie mapema ulichobadilisha wasikukute wakishangaa chini ya gari.

Wiki iliyopita nimeteremka Kilifi tena na nazi zile zile, pedali imekaa juu, sikugusa handbreki. Kilichobaki ni mlio mdogo gurudumu la nyuma kushoto nikirudi rivasi tu, kama panya ndani ya dramu. Nishafungua mara 2 sijakiona. Ijumaa nafungua tena.